Kuuza mjini au kupeleka mgombani?
Tulipohama nyumba ya vyumba vinne Shanty Town, Moshi, kwenda vyumba viwili Pasua, vitu vilikuwa na njia mbili: kuuza, au kupeleka mgombani, yaani nyumbani kwetu kijijini Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kuuza kunaleta hela haraka, ila dalali akishajua unahama wiki hii, kabati la mninga analitajia bei ya kuni. Nguo walichukua wauza mitumba wa soko la Memorial.

Kupeleka Kibosho ni gharama ya kukodi Fuso, na unyevu wa mlimani huotesha ukungu kwenye makochi ya kitambaa. Hayo uza tu. Lakini sufuria kubwa za shughuli, vigoda, kitanda cha marehemu mama? Sokoni havipati bei ya maana, na kule Desemba ukoo mzima unavitumia. Ningevipakia hivyo kwanza, kabla hata ya kumpigia dalali.