Bandcamp kwa anayetafuta bendi ya foki ya mjini kwake

Bendi ya foki (muziki wa kienyeji wa hadithi na gitaa, folk kwa Kiingereza) ya mtaa wa pili, yenye gitaa kavu, fidla na sauti tatu zinazopokezana, haionekani kwa urahisi kwenye huduma zinazopanga nyimbo kwa wingi wa wasikilizaji. Wafuasi mia mbili hawaifikishi popote huko. Bandcamp, tovuti ya kusikiliza na kununua muziki kutoka kwa wasanii wenyewe, iliyoanza mwaka 2008, inafaa zaidi kwa kazi hii, mradi ujue pa kuingilia. Usianzie kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika jina la mji humo, utaletewa hata nyimbo na albamu zilizobeba neno hilo tu.

Fungua ukurasa wa Discover, chagua folk, weka mahali, kisha panga kwa toleo jipya badala ya zinazouzwa zaidi. Ukiacha mpangilio wa mauzo, utazungushwa kwenye majina yale yale. Njia nyingine ni tagi, yaani maneno ya kuainisha yaliyo chini ya kila albamu: ya mwisho huwa ni mahali bendi ilipojiandikisha, na ukiibofya unapata wengine wa hapo. Tatizo ni kwamba mahali hapo hujazwa na bendi wenyewe. Wapo waliohama bila kubadilisha, na wapo walioandika nchi tu. Tafuta basi kwa mji, kwa mkoa na kwa nchi, kila kimoja peke yake.

Ukishapata albamu moja, utamu wote uko kwenye ukurasa wake. Pale penye kava kuna safu ya picha ndogo za mraba: hao ni watu walioinunua. Bofya mmoja uone mkusanyiko wake wote. Mtu aliyeinunulia fedha zake bendi ndogo mara nyingi amenunua na nyingine tatu za jirani, na hakuna mashine inayopendekeza vizuri kama yeye. Kisha soma maelezo ya walioshiriki. Mpiga fidla mmoja huwa kwenye bendi kadhaa, na fundi aliyerekodi albamu moja hutajwa kwenye nyingine za mji huohuo. Fuata majina hayo.

Je, wana kipaji au wana kava nzuri tu? Sikiliza gitaa mbili zinapopigwa pamoja. Bendi inayojua kazi yake humwacha mmoja apige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za C chini shingoni, mwingine afunge kapo, kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya 5 (kijiti cha tano shingoni) na kushika maumbo ya G. Kodi ni ileile, lakini sauti inakaa juu na nyuzi zinamwachia mwimbaji nafasi katikati. Wote wawili wakikwangua kodi moja mahali pamoja, maneno yanazama, na foki isiyosikika maneno imepoteza nusu yake. Kisha tafuta rekodi ya jukwaani kama wameiweka, kwa sababu uimbaji wa kupatanisha sauti uliorekebishwa studio huumbuka hapo.

Kusikiliza ni bure kwa MP3 ya 128 (kilobiti kwa sekunde), takribani MB 1 kwa dakika. Hiyo inatosha kuchagua, ila mkwaruzo wa vidole kwenye waya na pumzi ya mwimbaji hufifia. Ukirudia wimbo mara kadhaa, unaweza kuombwa ununue. Ukinunua, chagua FLAC, faili isiyopunguza ubora wa sauti, kwa ajili ya kutunza na MP3 ya 320 kwa ajili ya simu. Albamu ya dakika 40 kwa 320 ni kama MB 96.

Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na asilimia 10 ya bidhaa kama sahani na fulana, bila kuhesabu ada ya malipo. Hapa ndipo huduma hii inapoheshimika: sehemu kubwa inamfikia mpigaji. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba msanii hulipwa hasa kupitia PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni. Katika nchi ambako PayPal hairuhusu kupokea fedha, bendi nzuri hukosa kuuza, na hilo linaumiza wale wanaohitaji huduma hii kuliko wote.

Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya video, mwaka 2022, ikauzwa kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuendelea. Kwa kuwa wamiliki hubadilika, pakua ulichonunua siku hiyohiyo, ukiweke kwenye diski yako.

Kama huna haraka, iweke albamu kwenye orodha ya matamanio na usubiri Ijumaa ya Bandcamp. Ya kwanza ilikuwa tarehe 20 Machi 2020. Siku hizo kampuni huachia fungu lake, na saa zinahesabiwa kwa majira ya Pasifiki ya Marekani, kwa hiyo usiku wa manane wako si mwanzo wake.