Spoila kwenye gari la michezo la zamani: kuiweka au kuiacha?
Porsche 911 Carrera RS ya 1973 ilitoka kiwandani na spoila (kibawa cha nyuma cha kuongoza hewa) yenye umbo la mkia wa bata, wala halikuwa pambo: mwendo ukikolea, hewa huinua sehemu ya nyuma, na mkia ule hupunguza kuinuka huko. Ukiung'oa umeliharibu gari.

Jaguar E-Type ilizaliwa bila kitu nyuma. Kuipachika bawa, kwa macho yangu, ni kumvika twiga kofia.

Mimi ningefuata kiwanda. Kwa mwendo wa kawaida barabarani spoila haikusaidii sana, ilhali kila tundu la skrubu kwenye bati kuukuu ni mlango wa kutu. Ukiitamani mno, tafuta kifuniko cha pili cha buti, utoboe hicho, kile cha asili ukitunze.