Uzoefu wangu: kutuniwa WRX kwa mbali na fundi aliyegusa ramani mwisho kabisa

Kwa wenye haraka: huduma ni nzuri na nimeridhika. Lakini kama unatafuta mtu wa kukutumia faili upakie, ukanyage mafuta na uondoke zako, hawa siyo watu wako.

Gari ni Subaru Impreza WRX, injini EJ20 ya lita 2, tabo (turbo, pampu inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa) ile ile ya kiwandani, ila bomba la moshi limebadilishwa lote kuanzia kwenye tabo kwenda nyuma. Hapo ndipo haja ya kutuni ilipoanzia, yaani kupanga upya ramani: jedwali za kompyuta ya gari zinazoamua petroli, presha na wakati wa plagi kuwasha. Bomba likipitisha moshi kirahisi, tabo hupandisha presha kuliko kompyuta ilivyopangiwa. Ikivuka kikomo, kompyuta inakata petroli ghafla na wewe unarushwa mbele kwenye usukani. Karakana ya kwanza niliyoipelekea (sitaitaja) ilitatua tatizo kwa kuinua hicho kikomo, basi. Petroli haikuguswa, taimingi (wakati wa plagi kuwasha) haikuguswa. Ni sawa na kuzima king'ora huku nyumba inaungua.

Ndipo nikahamia huduma ya kwa mbali. Unahitaji laptop, kebo ya kuunganisha na kompyuta ya gari (natumia OpenPort ya Tactrix), na programu ya kurekodi namba za injini. RomRaider ni ya bure na inatosha kabisa. Walidai pia nifunge sensa ya oksijeni ya wigo mpana, Bosch LSU 4.9, kwa sababu ya kiwandani haiaminiki mchanganyiko wa hewa na petroli ukishakuwa mzito, yaani petroli ikizidi. Ifungwe kwenye bomba baada ya tabo, imeinamishwa ili maji yasitulie ndani yake, na isiachwe kwenye bomba bila umeme gari likitembea. Ukiiacha hivyo itakufa mapema, na si ya kununua kila mwezi.

Nilipotuma ramani ya zamani, jibu la kwanza halikuwa na faili lolote. Lilikuwa na maagizo: rekodi injini ikiunguruma bila kukanyagwa, rekodi ukiwa mwendo wa kawaida, kisha kanyaga mpaka chini gia ya 3 kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500 kwa dakika. Na picha za plagi zote nne. Nilinung'unika. Nimelipia ramani, naambiwa nifungue plagi za Subaru, kazi ambayo aliyewahi kuifanya anajua mikono inavyobaki!

Uchambuzi wao wa zile rekodi ndio ulionifunga mdomo. Gari likiwa limetulia, kompyuta ilikuwa inasahihisha petroli kwa asilimia 1 au 2 tu, jambo ambalo halina shida. Tabo ikijaza, uwiano ulikuwa unashuka hadi 9.8, yaani sehemu 9.8 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, wakati ramani ilikuwa inalenga karibu 11. Moshi mweusi nyuma, nguvu hakuna. Fundi akaandika kwa kifupi: "Usihangaike na vipaipu vya vakyumu. Tafuta kati ya tabo na throtali." Alimaanisha nitafute hewa inapovujia; throtali ni kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta.

Alijuaje bila kuliona gari? WRX hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta. Hewa ikishapita hapo imehesabiwa, na petroli yake itamwagwa tu, hata kama hewa yenyewe inavujia njiani. Ndiyo maana mchanganyiko unakuwa mzito kwenye presha. Sasa, uvujaji ungekuwa mbele ya throtali, upande wa injini, gari likitulia pangekuwa na mvuto pale. Hewa isiyohesabiwa ingenyonywa ndani na kompyuta ingekuwa inaongeza petroli muda wote. Haikuwa inaongeza. Kwa hiyo tundu liko upande wa pili.

Tukaliziba bomba la kuingilia tabo kwa kifuniko chenye valvu, kifuniko cha oili tukakifungua, tukajaza hewa polepole na kunyunyiza maji ya sabuni kila kwenye kiungo. Mlio mdogo wa hewa kutoka kwenye oili usikutishe, injini haizibiki kabisa. Mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na throtali ulionekana mzima kwa macho na kwa vidole. Presha ilipokaribia nusu bar, povu likaanza kufura upande wake wa chini. Ulikuwa umechanika mstari mwembamba kando ya klampu, na hewa ikipungua mpasuko unajifunga wenyewe, huuoni. Tukabadilisha mpira, nikarekodi tena kwa ramani ile ile ya zamani: 11.1.

Hapa ndipo ninapowapa alama zao. Mtunaji mvivu angeona 9.8 akapunguza petroli kwenye ramani mpaka namba ipendeze. Siku nabadilisha mpira ule, gari lingekuwa linakimbia na petroli pungufu kwenye presha kamili. EJ20 haisamehi mambo hayo, kuta za pistoni zinazoshika ringi ndizo hulipa.

Ramani zenyewe zilikuja moja moja. Ya kwanza presha ya chini kabisa, ile inayoshikiliwa na springi ya westigeti (kilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo) peke yake, kisha ikapandishwa hatua kwa hatua, kila hatua na rekodi yake. Katikati hapo tukakutana na jambo lililonitisha: kwenye mizunguko karibu 4,000 kompyuta ilikuwa inarudisha taimingi nyuma zaidi ya digrii 2, ikidai injini inagonga (petroli inajilipukia yenyewe ndani). Nilitegemea wapunguze taimingi. Wakaniambia nipite mizunguko ile ile nikiwa nimekanyaga kidogo tu. Ikajitokeza tena, pale pale. Injini isiyo na mzigo haina sababu ya kugonga, hivyo sensa ilikuwa inasikia kelele nyingine. Tukaikuta: bati la kukinga joto lilikuwa linagusa bomba jipya la moshi. Kulikunja kidogo kulitosha. Baada ya hapo IAM, ile namba inayoonyesha kompyuta inavyoiamini taimingi, ikakaa kwenye 1 na haijashuka.

Plagi waliniambia nipunguze mwanya hadi milimita 0.7, kwa kuwa gari lilikuwa linamisi kidogo (plagi inashindwa kuwasha) kwenye mizunguko ya juu. Angalizo kwa wanaojisomea rekodi wenyewe: gari likimisi, sensa huonyesha petroli imepungua, maana oksijeni ambayo haikuungua inapita mbele yake. Ukiongeza petroli hapo unazidisha tatizo.

Leo presha inapanda hadi bar 1.1 na kutulia, kisha inashuka taratibu kuelekea mizunguko 6,500, kwa sababu tabo hii ni ndogo na huko juu pumzi inaisha. Uwiano unacheza kwenye 11.2. Kukatiwa petroli nimesahau. Walinitumia ramani mbili, ya petroli ya RON 98 na ya RON 95 (RON ni kipimo cha petroli inavyostahimili kugonga), na wakasisitiza nisipakie ya kwanza nikiwa na petroli ya pili.

Kasoro zipo. Mwishoni mwa wiki hawajibu, na ndipo wengi wetu tunapopata nafasi ya kurekodi. Hutapewa karatasi ya farasi za kujivunia, maana gari halipandi kwenye mashine ya kupimia nguvu. Na kukanyaga gia ya 3 hadi mwisho kunahitaji mahali salama, tena pa halali. Barabara ya watu siyo mahali pake. Mimi nilikodi uwanja wa mbio kwa saa chache, na hiyo ni gharama ambayo tangazo lao haliitaji.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakiandika waziwazi, kabla mtu hajalipa, kwamba sensa na mahali pa kurekodia ni juu yako.