Leza na sindano ya umeme kwenye ndevu za mwanamume: uzoefu wangu na neno "kudumu"

Risiti ya kwanza niliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "Kuondoa nywele kwa kudumu, shingo na kidevu", na kwa miaka mitano sasa nimekuwa nikilipima neno hilo "kudumu" kwenye shingo yangu mwenyewe. Ninaishi Mtwara mjini, nina umri wa miaka 43, ni karani wa ghala la korosho, na nimepitia njia zote mbili ambazo wanaume huziulizia, yaani leza na elektrolisisi, ambayo ni sindano ya umeme. Kila anayejua habari zangu huanza na swali lile lile, kama nywele hurudi au hazirudi. Leza ilizipunguza sana bila kuzimaliza. Sindano ilizimaliza zile tu ilizozigusa. Na mwili wangu umeendelea kuotesha nyingine ambazo hazikuwapo siku niliyolipa.

Sikuanza safari hii kwa kutafuta urembo. Tatizo langu lilikuwa vipele vya ndevu, ambavyo wanaume wengi wenye nywele za kipilipili wanavijua: wembe hukata unywele ukabaki na ncha kali, unywele ukajikunja na kurudi kuchoma ngozi, na mwili ukaupokea kama mwiba. Nilipofika miaka 35, shingo yangu ilikuwa imejaa madoa meusi, na kisogoni makovu mawili yalikuwa yameanza kuvimba na kuwa magumu. Daktari wa ngozi aliniambia kwamba tiba iliyo rahisi kuliko zote ni kuacha kunyoa, na alikuwa na haki, kwa sababu vipele hupungua ndevu zikiachwa ziwe ndefu. Lakini ndevu zangu huota kwa mafungumafungu, na vumbi la magunia ghalani liliponasa humo nilikuwa nikijikuna hadi usiku. Kinyozi wangu wa Chikongola aliposikia kwamba nataka kuziondoa kabisa, alicheka akaniuliza kama na singo nitapakwa, kama bibi harusi. Sikumlaumu. Huku kwetu pwani kunyonyoa nywele za mwili kwa sukari na limau ni shughuli ya wanawake, na mwanamume huishia kwenye wembe wa kwapa na kinena.

Hapa Mtwara sikupata mahali pa kufanyiwa, hivyo nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, na nikafikia kwa dada yangu Mbagala. Mahali pa kwanza nilipokwenda sitapataja. Nilielezwa kwamba nitafanyiwa "leza ya kisasa", nikalipa, nikalazwa, na ndani ya dakika 20 kazi ilikuwa imekwisha bila mtu yeyote kuniuliza ngozi yangu huitikiaje jua au jeraha, na bila jaribio dogo pembeni. Baada ya siku mbili nilipata malengelenge. Yalipokauka yaliacha madoa meusi ya mstatili, yamepangwa shingoni kama matofali, kila moja likiwa na umbo la kioo cha ile mashine, na yalidumu kwa miezi saba. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye bado ana usoni chale za Kimakonde za zamani, alinitazama sana nilipomwamkia, kisha akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Fundi gani huyo aliyekuchanja bila mpango?" Chale zake zilichanjwa na mtu aliyejua anachokifanya, zangu nililipia.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kile hakikuwa leza hata kidogo. Ilikuwa mashine ya mwanga mkali wa mchanganyiko, inayojulikana kwa herufi IPL, ambayo hutoa mawimbi mengi ya mwanga kwa pamoja na kuchujwa kwa kioo, ilhali leza hutoa wimbi moja tu. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe tofauti hiyo inaweza isimdhuru, bali kwa mtu mweusi ndiyo penye hatari. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni ambayo kazi hii yote imejengwa juu yake: ukichagua mwanga unaonywewa na kitu fulani mwilini, na ukaurusha kwa muda mfupi sana, joto litakiunguza kitu hicho kabla halijasambaa kwa jirani zake. Katika unywele, kitu hicho ni melanini, ile rangi nyeusi. Kasoro ni kwamba melanini hiyohiyo imejaa katika ngozi yetu ya juu, kwa hiyo mwanga usiochaguliwa vizuri huishia mlangoni, ukaunguza ngozi kabla haujaufikia mzizi.

Kwa sababu hiyo, mara ya pili niliuliza swali moja kabla ya bei: mashine yenu ni ya nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake? Leza za aleksandraiti hufanya kazi kwenye nanomita 755, za diodi karibu na 810, na zile za Nd:YAG kwenye 1064. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo, kwa mashine hizi, mwanga unavyozama zaidi na kunywewa kidogo na rangi ya ngozi ya juu, na ndiyo maana ile ya 1064 ndiyo inayohesabiwa kuwa salama zaidi kwa watu wa rangi yangu. Mtaalamu wa kliniki ya pili hakukasirishwa na swali. Alinionyesha kibandiko cha nyuma ya mashine, akanipiga mipigo mitatu ya majaribio nyuma ya taya, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Niliona uchungu wa nauli, lakini nilirudi.

Maumivu yake ni kama mpira wa manati ukiachiliwa kwenye ngozi, mara mia moja na zaidi, na chumba hunuka nywele zilizoungua. Juu ya mdomo ndipo panapouma kupita kote. Wote chumbani huvaa miwani maalumu, na ambaye hakupewa miwani na aondoke. Nilifanyiwa mara nane, kila baada ya wiki sita hivi, kwa shilingi 180,000 kila mara, jumla 1,440,000 bila nauli. Kurudia huko si ujanja wa biashara. Nywele haziko katika hali moja kwa wakati mmoja: nyingine zinakua na zimeshikamana na mzizi wenye uhai, nyingine zimelala, na joto la leza huua zile zinazokua tu, hivyo unasubiri zilizolala ziamke nazo zipate zamu yao. Kwa sababu hiyohiyo unaruhusiwa kunyoa kwa wembe siku moja kabla, lakini ni marufuku kung'oa, kwani unywele ukishang'olewa hakuna cha kupitisha joto hadi shinani. Minada ya korosho ilipoanza mwezi wa Oktoba nilishindwa kusafiri, nikakaa wiki 11 bila kufanyiwa, na sikuona kwamba kuchelewa huko kuliharibu kitu. Suala la jua ni jingine. Mafuta ya kukinga jua na kofia pana nilivihitaji kila siku, jambo ambalo katika joto la Mtwara ni adhabu ndogo ya peke yake.

Sasa matokeo, na hapa nilifanya kazi ya ukarani. Chini ya taya la kushoto nilichora duara kwa sarafu ya shilingi 200 na kuhesabu nywele zilizokuwa ndani yake mbele ya kioo, dada yangu akinimulikia kwa simu huku akicheka. Kabla ya leza zilikuwa 31. Miezi mitatu baada ya mara ya nane zilikuwa saba. Miaka miwili baadaye, bila kufanyiwa chochote katikati, zilikuwa 11, na nyingi kati ya hizo nne za nyongeza ni nyembamba na zina rangi ya kahawia. Vipele, ambavyo ndivyo vilivyonipeleka, vimebaki kimoja au viwili kwa mwezi, na ninanyoa mara mbili kwa wiki badala ya kila asubuhi. Yale makovu ya kisogoni hayakwisha. Leza hii haikuwa tiba yake, ingawa hayajaongezeka.

Hesabu hiyo inalingana na maana halisi ya neno lile lililoandikwa kwenye risiti. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo idhini yake hutajwa sana katika matangazo ya mashine hizi, haikuziruhusu kutangazwa kwamba zinaondoa nywele zote milele. Iliruhusu baadhi yake zitangazwe kwa "upunguzaji wa kudumu", na ikafafanua kuwa ni idadi ya nywele kupungua na kubaki chini kwa muda mrefu kuliko mzunguko mzima wa ukuaji wa nywele. Saba kutoka 31 ni upunguzaji. Tatizo ni kwamba neno "upunguzaji" hupotea njiani kati ya kitabu cha mtengenezaji na bango la dukani, na linalobaki ni "kudumu" peke yake.

Elektrolisisi ndiyo njia ambayo mamlaka hiyohiyo inaitambua kwamba huondoa nywele kwa kudumu, na historia yake ilinigusa kwa namna ambayo sikuitazamia. Ilielezwa mwaka 1875 na Charles Michel, daktari wa macho wa mji wa St. Louis nchini Marekani, ambaye hakuwa akishughulika na ndevu za mtu yeyote: alikuwa akitafuta namna ya kuziua kope zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kope za namna hiyo baada ya ugonjwa wa vikope, na tulikuwa tukimng'olea kwa kibano kila mwezi, nazo zikarudi kila mwezi.

Sindano huingizwa kando ya unywele mmoja hadi kwenye mzizi, kisha umeme hupitishwa. Kuna umeme unaobadilisha maji na chumvi ya mwilini kuwa dawa kali kama magadi ya kutengenezea sabuni, inayoula mzizi polepole. Kuna unaochemsha mzizi kwa sekunde chache. Na kuna mchanganyiko wa yote mawili, ambao ndio niliofanyiwa mimi. Faida yake kubwa ni kwamba haujali rangi, si ya ngozi wala ya unywele. Leza iliziacha mvi zangu zote kidevuni kana kwamba haikuziona, na kweli haikuziona, kwa kuwa mvi haina melanini. Kabla ya kuanza nilitaka nione sindano mpya ikifunguliwa kwenye karatasi yake mbele yangu, na ninamshauri kila mtu awe mkaidi juu ya jambo hilo.

Nilikwenda mara 19, nusu saa kila mara, kwa shilingi 30,000. Mtaalamu alinifundisha dalili moja: unywele uliokufa huteleza ukitolewa kwa kibano, na ukihisi umevutwa, basi mzizi wake bado mzima. Katika awamu ya kwanza, karibu robo ya nywele zilirudi, nyembamba zaidi. Alinieleza kwamba mizizi ya nywele za kipilipili imepinda chini ya ngozi, na sindano iliyonyooka inaweza kupita bila kuigusa, hivyo kurudia ni lazima. Zile zilizopigwa mara ya pili na ya tatu hazijaonekana tena. Hapo ndipo ninapoweza kulitamka neno "kudumu" bila kigugumizi, kwa unywele mmoja mmoja. Lakini kumaliza ndevu nzima za mwanamume kwa njia hiyo huweza kuzidi saa 100 za kulala chini ya taa, na anayefikiria kuufanyia mgongo wake wote na ajiulize kwanza kama ana kazi nyingine ya kufanya duniani.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni lile la mabegani. Nilipofika miaka 40, malaika, yaani vinyweleo laini, niliyokuwa nayo mabegani tangu ujana yalianza kugeuka nywele nene na nyeusi, na masikioni vivyo hivyo. Homoni za kiume hufanya kazi hiyo kwa miaka mingi, zikiyachukua malaika na kuyakomaza, na hakuna leza wala sindano inayoweza kuua unywele ambao bado haujawa unywele. Nilifanyiwa leza mabegani mara nne, na zile nene zilipungua, ila mwaka uliofuata nyingine zilikomaa pembeni yake. Mtaalamu aliniambia pia kwamba kwa watu wachache mwanga wenyewe huyaamsha malaika yaliyo jirani, hasa unapokuwa hafifu, na kwamba kwangu haiwezekani kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Niliacha. Shati linatosha.

Kuhusu vile vifaa vidogo vya mwanga vya kutumia nyumbani, soma kadi ya rangi za ngozi iliyomo ndani ya boksi kabla ya kulipa. Kwenye vile nilivyoviona mimi, rangi yangu ilikuwa imewekewa alama ya kukatazwa.

Ningelipa tena kwa shingo? Ndiyo, kwa leza ya 1064, kwa ajili ya vipele, huku nikijua kwamba huenda nikarudi kufanyiwa mara moja moja. Kwa mabega, hapana. Mwezi ujao nitakwenda Mbagala kwa shughuli ya dada yangu, na nimeomba miadi ya nusu saa kwa sindano, kwa ajili ya mvi nne mpya zilizojitokeza chini ya mdomo tangu Mfungo wa Ramadhani uliopita.