Fizio ya bega lililoganda: sehemu ya kwanza nyota moja, ya pili nyota nne

Wacha niandike hii sasa hivi wakati bega bado linanikumbusha, maana nikishapona kabisa ntasahau na kuna mtu atapita njia ileile niliyopita mi. Bega langu la kushoto liliganda. Nimefanyiwa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, sehemu mbili tofauti, ya kwanza nawapa nyota moja (na hiyo moja ni ya kochi la mapokezi, lilikuwa zuri kwakweli), ya pili nyota nne, na ntasema kwanini sio tano.

Mi sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Ilianza ka-maumivu tu kwa nje ya mkono, palepale wanapochomaga chanjo, nikajua nimelalia vibaya. Wiki zikapita, kulalia ubavu wa kushoto ikawa haiwezekani, alafu asubuhi moja nafunga sidiria mkono ukagoma njiani. Sio kuuma tu jamani, kugoma, kama mlango uliowekewa kabati nyuma. Nikaushika kwa mkono wa kulia niusukume, wapi! Hiyo ya kusukuma na haiendi ndo dalili yenyewe, mi sikujua. Kano ikiwa imechanika, mara nyingi we mwenyewe ndo unashindwa kunyanyua lakini mwenzio akikushikia mkono unapanda. Bega lililoganda halipandi kwako wala kwa mwenzio, na ukipiga eksirei kwa kawaida mifupa inaonekana safi kabisa. Yangu ilikuwa safi, nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyotoka.

Sehemu ya kwanza. Jamaa hakunipima chochote, hakuniuliza ugonjwa mwingine nilionao, akaniwekea kitu cha moto begani, akanibandikia zile waya za kusisimua misuli kwa umeme, robo saa hivi akiwa kwenye simu, alafu akaja akashika mkono wangu akausukuma juu kwa nguvu zake zote. Nikapiga kelele. Akasema vumilia dada, lazima tuvunje hiyo iliyoshikana. Usiku ule sikulala, nilikaa kwenye kiti nimekumbatia mto. Na mi kwa ujinga wangu nikarudi mara sita, kwa sababu wote tumekuzwa na ile imani kwamba dawa chungu ndo inayoponya. Mwisho wa mwezi mkono ulikuwa unapanda pungufu ya nilivyoanza.

Nilikuja kujua baadae kwamba Waholanzi walishalifuatilia hili, utafiti wao ulitoka 2004, wagonjwa 77. Kundi moja walifanyishwa mazoezi makali mpaka kupita maumivu, kundi lingine waliambiwa watumie mkono na kufanya mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu. Baada ya miaka miwili waliokwenda pole walikuwa na mabega mazuri kuliko waliosukumwa. Kwahiyo ule ubabe wote niliovumilia haukuwa tiba, yalikuwa mateso yenye risiti.

Sehemu ya pili nilipelekwa na rafiki, nilienda nimenuna. Fizio mwenyewe ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Kabla hajanigusa alikaa na mimi karibu nusu saa anauliza: una miaka mingapi (52), una sukari? thairoidi, ile tezi ya shingoni, ina shida? mkono uliwahi kufungwa ukakaa muda bila kutumika? usiku inakuamsha mara ngapi? Nilipomwambia nina kisukari akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu hilo. Akanieleza kwamba hili tatizo linapenda watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari linawapata zaidi ya wengine na linachelewa kuwaachia. Mi nina kisukari miaka tisa na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kina habari na bega.

Alafu akachukua goniometa, ile rula ya kupimia viungo, akanikalisha, viwiko vimegusa mbavu, akasema zungusha viganja viende nje. Wa kulia ulifika digrii 70. Wa kushoto 10. Kumi! Akasema kuzungusha nje ndo kunakopotea mwanzo na zaidi, kabla hata ya kunyanyua, na ndo maana kuvaa koti kunashinda. Akaandika namba zote kwenye faili. Hicho kitendo cha kuandika namba kilinipa moyo kuliko waya zote za yule jamaa.

Maelezo yake nayakumbuka vizuri. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko laini, kapsuli, ambao kwa kawaida una nafasi ya kulegea ili mkono uzunguke. Huo mfuko unavimba, unanenepa, alafu unasinyaa kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Hakuna kitu cha "kuvunja" pale. Jina la bega lililoganda lilitolewa 1934 na daktari wa Marekani anaitwa Codman, na yeye mwenyewe alikiri ni ugonjwa mgumu kuuelezea na mgumu kuutibu, kwahiyo tukichelewa kuelewa tusijilaumu sana. Hatua ziko tatu: ya kuuma, ambapo maumivu yanapanda na mkono unakaza, inaweza kuchukua miezi kadhaa, ya kuganda, maumivu yanapungua ila mkono hauendi popote, na ya kuyeyuka, unarudi polepole, hii nayo inaweza kula mwaka au zaidi. Jumla mwaka mmoja mpaka mitatu. Nilitaka kulia. Lakini nilipendelea kuambiwa hivo kuliko kudanganywa wiki sita.

Mi nilikuwa bado hatua ya kwanza, ndo maana kusukumwa kulinimaliza. Akanirudisha kwa daktari na barua, akapendekeza sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, kwa sababu inasaidia zaidi mapema wakati maumivu ndo yanatawala. Akanionya kabisa: sukari yako itapanda siku kadhaa, pima mara nyingi. Ikapanda kweli. Ila usiku wa nne nililala masaa sita mfululizo, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, niliamka nikadhani nimechelewa mahali.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utacheka. La kwanza unainama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa unaning'inia tu kama pendulamu ya saa ya ukutani, unayumba kwa mwendo wa mwili sio kwa msuli. Lingine unakaa, unaweka kiganja kwenye meza juu ya kitambaa, unateleza mbele mpaka pale inapoanza kuvuta, unarudi. Baadae vikaja vidole kutambaa ukutani kama buibui, na kijiti, unakishika kwa mikono miwili na mkono mzima unausukuma mgonjwa uende nje. Kijiti ndo kilileta matokeo kwangu, nilitumia mpini wa fagio. Dakika tano tano, mara nne kwa siku, baada ya kuoga maji ya moto. Sheria yake moja: kuvuta ni sawa, na maumivu yakibaki kwa muda mrefu baada ya kumaliza ujue umezidisha, kesho punguza. Yeye mwenyewe alikuwa anashika kichwa cha mfupa wa mkono anakisogeza kidogo kidogo nyuma ndani ya kiungo, wala hutetemeki, unaweza kusinzia.

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa wa ugonjwa huu hakuna kilichosogea. Digrii 20, wiki tatu baadae 20, tena 20. Hapo ndo niliuliza kuhusu operesheni. Hakukasirika, alinieleza zipo njia mbili, unalazwa nusu kaputi daktari anauzungusha mkono, au wanaingiza kamera na kukata kapsuli iliyokaza. Akaniambia Waingereza walishalinganisha, matokeo yakatoka 2020, watu 503, njia hizo mbili dhidi ya fizio pamoja na sindano, na baada ya mwaka hakuna iliyoziacha nyingine kwa tofauti ya maana, ila kwenye kukata kapsuli hatari zilikuwa zaidi. Akasema mlango wa operesheni haufungwi, tupeane miezi mitatu. Kuna watu wanaihitaji kweli, siwasemi vibaya, mi tu sikufika huko.

Mwezi wa kumi goniometa ikasoma 35. Niliomba apime tena.

Sasa kwanini nyota nne. Kwanza miadi, ukiandikiwa saa nne jua ni saa nne na nusu, na mapokezi hawasemi samahani. Pili ile karatasi ya mazoezi wanayogawa ina picha kumi na mbili, nyingine za watu wa goti sijui, wakati mazoezi yangu yalikuwa manne tu. Mtu asiyekuwa na bahati ya yule mama atafanya yote kumi na mbili ajiumize. Tatu, binti wa mapokezi aliniambia siku ya kwanza "miezi mitatu tu umepona", sijui alitoa wapi, na huyo ndo wateja wanaomsikia kwanza kabla ya fizio.

Kama unaenda kutafuta huduma hii, popote ulipo, angalia kama watakupima siku ya kwanza na kama watakuuliza sukari. Ukiona hawajafanya vyote viwili na mtu ameshashika mkono wako, vaa viatu.

Leo ni mwezi wa 14. Kuzungusha nje 55, kunyanyua karibu sawa na wa kulia, sidiria nafunga nyuma ila kwa kuhema kidogo. Nimeambiwa bega hilihili kurudia kuganda ni nadra, ila la upande wa pili linaweza kuja kuganda siku moja, kwahiyo kila Jumapili nakaa kwenye kiti, viwiko mbavuni, naangalia huyu wa kulia kama bado anaenda.