Galway usiku: viwanja vya muziki wa laivu, wapi uende na wapi upite tu

Wadau mlioko Ulaya mnaouliza wapi pa kula bata Ireland ukiacha Dublin, mi nasema Galway, tena lala huko usiku mbili tatu usiende kugeuza. Ni mji mdogo, watu elfu 85 hivi, uko magharibi kabisa pale mto Corrib unapoingia baharini, na basi kutoka uwanja wa ndege wa Dublin linakwenda moja kwa moja, masaa mawili na nusu mpaka matatu umefika. Katikati ya mji ni kutembea kwa miguu tu, vichochoro vyembamba vya mawe, na baa zimebanana kweli kweli. Sasa karibu kila baa imebandika mlangoni kwamba ina muziki wa laivu, ila muziki wenyewe unatofautiana sana na hapo ndo wageni wengi wanapotea.

Kuna ule wa jamaa mmoja na gitaa lake, maiki, spika kubwa, anapiga zile nyimbo ambazo kila mtalii anazijua. Halafu kuna sesheni, yaani wapigaji wanakaa kuzunguka meza kwenye kona ya baa, hamna jukwaa hamna maiki, wanaangaliana wao kwa wao na wewe umebanana nao hapo hapo. Hiyo ya pili ndo iliyonifanya niipende Galway.

Kwa sesheni nenda Tigh Coili, nyota tano kavu. Iko Mainguard Street jirani na kanisa la Mtakatifu Nicholas, lile la mwaka 1320, ukuta wa ndani umejaa picha za wanamuziki na sesheni zipo mbili kwa siku, moja jioni na nyingine kwenye saa tatu na nusu usiku. Ile ya jioni ndo nzuri kwa anayetaka kusikiliza maana usiku watu wanasimama mpaka mlangoni. Mi niliwahi nikapata kiti pembeni kabisa ya meza yao, fidla, filimbi, kodiani, na bodhrán, ngoma yao ya duara iliyowambwa ngozi ya mbuzi, ukiiona utadhani tari la maulidi, ila mpigaji wake anaipiga kwa kijiti kifupi anachokizungusha kwa kiganja huku mkono wa pili uko kwa ndani unaikandamiza ngozi na kuiachia, basi sauti inapanda na kushuka mpaka unahisi ngoma inaongea. Hakuna karatasi wala kiongozi wa kusimama mbele. Mmoja anaanza wimbo peke yake, wenzake wanasikiliza kidogo, wakishaujua wanaingia wote, wanaurudia mara mbili tatu halafu bila kupumua wanahamia wimbo mwingine na ishara yenyewe ni jicho tu au kelele fupi. Aisee niliangalia miguu chini ya meza, yote inagonga sakafu kwa pamoja.

Ila kuna adabu zake jamani tusije kuharibu. Viti vya kuzunguka meza ya wapigaji ni vyao hata kama viko wazi, usikae mpaka uambiwe. Makofi piga wakimaliza, usiwapigie makofi ya mdundo katikati maana unawavuruga. Usiende kuwaomba wapige wimbo wa redioni. Na ikitokea mtu akaanza kuimba kavu bila chombo, hapo nyamaza kabisa, baa nzima inanyamaza, hata kaunta wanaacha kugonganisha glasi.

Ukivuka mto kuna The Crane Bar, Sea Road, hapa pia pa moto na watalii si wengi kama kule kati. Chini sesheni, juu kuna chumba cha shoo ambako watu wanakuja kusikiliza kweli. Kama unataka bendi za kisasa, Róisín Dubh iko upande huo huo, Dominick Street.

Tigh Neachtain ni ya kukaa na kupiga stori. Ipo tangu 1894, kona ya Cross Street na Quay Street, ndani mbao tupu na vyumba vidogo vidogo vya kujibanza watu wanne watano. Jengo lenyewe aliwahi kuishi Richard Martin, yule mbunge aliyepigania sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo, ikapita 1822. Mvua ikinyesha, na itanyesha tu, hapa ndo pa kujificha.

Pa kupita tu ni zile baa kubwa za watalii. Moja siitaji jina, spika ziko juu kiasi kwamba ilibidi tupigiane kelele masikioni, kinywaji bei imechangamka kuliko jirani, na mhudumu anakuondolea glasi kabla hujamaliza. Nyota mbili, na hizo ni kwa ajili ya mapambo.

Guinness, ile bia yao nyeusi, ukiagiza usiharakishe kuichukua, mhudumu anamimina mpaka karibu ijae, anaiacha itulie, ndo anamalizia, subiri. Bei ni kama yuro 6 hivi. Kama hunywi pombe usiogope kuingia, kuna soda, chai, na Guinness isiyo na kileo, hakuna atakayekushangaa. Ukiwa na wenyeji wananunuliana kwa zamu, kwa hiyo zamu yako ikifika inuka bila kusubiri kukumbushwa, hilo wanaliangalia sana. Sigara ni nje, sheria ya tangu 2004. Mwenye watoto aende mapema, kuanzia saa tatu usiku wanatolewa, kiangazi saa nne. Baa za kawaida Jumatatu mpaka Alhamisi zinaacha kuuza saa tano na nusu usiku, Ijumaa na Jumamosi saa sita na nusu, Jumapili saa tano. Na Julai kuna tamasha kubwa la sanaa, Septemba kuna la chaza, miezi hiyo vyumba vinapanda bei vibaya sana kwa hiyo shika chumba mapema, au nenda Machi au Oktoba, muziki ni ule ule na viti vinapatikana.