Kulinda tanuri la samaki wa moshi wakati wa mvua: kipi kinunuliwe kwanza

Mchakataji anayebanika samaki nje, awe na tanuri la udongo, la matofali au pipa la lita 200 lililokatwa, huumizwa zaidi na misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kando ya Ziwa Victoria tatizo huwa kubwa zaidi, kwa sababu dhoruba za ziwani mara nyingi hupiga usiku na alfajiri, na hizo ndizo saa ambazo vipande vinene vya sangara bado viko juu ya moshi. Maji ya baridi yakigonga ukuta wa udongo uliopata moto, ukuta hupasuka. Yakiingia kwenye kuni, moto huzimika nusu na kutoa moshi mweusi mzito, ambao huacha masizi machungu juu ya samaki pamoja na kemikali zinazohusishwa na saratani. Yakimfikia samaki aliyekwisha kukauka, ukungu huanza kuota chini ya matamvua na kwenye mikunjo ya tumbo, na mzigo huo hauwezi tena kusafirishwa mbali.

Katika kupanga vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya kazi hii nimezingatia kama vinaruhusu moshi na mvuke kutoka, kama vinaweza kukaa karibu na moto bila hatari, na kama vitadumu zaidi ya msimu mmoja. Bei nimeiweka nyuma ya hayo, kwa kuwa kifuniko rahisi kinachonunuliwa upya kila masika humgharimu mama mchakataji kuliko kile kilichomtoa jasho mara moja.

Nafasi ya kwanza, bila ushindani wa karibu, naipa paa la bati lililosimama juu ya nguzo, lisilo na kuta. Hiki ndicho kinga kinachofanya kazi vizuri zaidi wakati tanuri linawaka, na ndiyo maana kinastahili kununuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Tuchukue mfano wa tanuri lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Mabati ya kawaida ya migongo yenye urefu wa mita 3, yakilazwa kukatisha upana wa tanuri, yatatoa karibu mita 1 ya kivuli kila upande. Na kwa kuwa kila bati, baada ya kulaliana na mwenzake, hufunika takriban sentimita 70, mabati 5 yatatosha kufunika mita 3.5 kwa urefu. Upande wa chini wa paa usipungue mita 2.2 kutoka ardhini, na upande wa juu ufike mita 2.7 hivi, ili moshi upae na kutokea upande wa juu bila kumrudia anayegeuza samaki. Upande wa chini uelekezwe kule dhoruba inakotokea. Kila mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotua na samaki, una upande wake, na wavuvi wa hapo wanaujua, kwa hiyo waulizwe kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa.

Kuhusu unene, mnunuzi akumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, bati huwa jembamba zaidi: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Kwa paa linalopigwa na upepo wa ziwa kutoka juu na moshi kutoka chini, geji 28 ndiyo ninayoipendekeza, na geji 30 inakubalika pale fedha inapokuwa ndogo. Geji 32 hujikunja kwa mkono, na upepo ukiingia chini yake matundu ya misumari huchanika. Dukani, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe badala ya kuridhika na maneno ya muuzaji, na utafute nembo ya shirika la viwango: TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Misumari iwe ile ya bati yenye kofia na washa ya mpira, nayo ipigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji hupita. Papi, yaani mbao zinazoshikilia mabati, zifungwe kwenye mirunda, yaani nguzo za miti, kwa waya mzito pamoja na misumari, kwa kuwa upepo hulisukuma paa lisilo na kuta kwenda juu kwa nguvu nyingi. Oili chafu inayopakwa kuzuia mchwa iishie kwenye sehemu ya mrunda inayozikwa, maana harufu yake haifai kuwa jirani na chakula.

Nafasi ya pili ni kofia ya bati inayokaa juu ya tanuri lenyewe. Mafundi wa bati huitengeneza kwa vipimo vya mteja: ina mteremko pande mbili, miguu minne ya nondo, na nafasi ya kiasi cha sentimita 30 kati yake na trei ya juu. Inamfaa yule aliyepanga kiwanja mwaloni na hana ruhusa ya kusimika nguzo, au mwenye pipa linalohamishwa. Udhaifu wake ni kwamba mvua ya upepo huingia ubavuni, na mchakataji mwenyewe hubaki analowa. Jambo moja lisipuuzwe: bati lenye zinki lisitumike kama trei wala kama ukuta wa ndani unaoguswa na ndimi za moto, kwa sababu zinki ikipata joto kali hutoa moshi wenye sumu. Juu, mbali na moto, halina tatizo hilo.

Nafasi ya tatu ni turubai zito la PVC, la aina inayofunika malori. Ni zuri, ila kwa tanuri lililopoa tu. Plastiki hiyo ikipata joto hutoa gesi inayowasha macho na koo, na ikidondokea kwenye samaki mzigo wote umeharibika. Hata kwa tanuri baridi, turubai lililobana pande zote hunasa mvuke: ukilifunua asubuhi utaona matone yamejipanga upande wa ndani, na trei za waya zimeanza kushika kutu ya rangi ya chungwa, hasa kama samaki walilowekwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kubanikwa. Kwa hiyo nunua turubai linaloishia kiganja kimoja juu ya ardhi, na uweke mirunda miwili juu ya tanuri ili lisilalie trei. Kabla ya kulipa, kunja kona yake na uitazame kwenye mwanga; mkunjo ukionyesha ufa mweupe, liache. Pete za kamba ziwe za chuma, na pindo liwe limeshonwa au kuunganishwa kwa joto.

Turubai jepesi la plastiki, lile la bluu, nimeliweka nafasi ya nne kwa shingo upande. Jua hulila haraka, nyuzi zake huanza kupukutika, na vipande hivyo huishia ndani ya tanuri na ziwani. Linaweza kufunika kuni kwa msimu mmoja.

Makuti na nyasi yanakuja mwisho, ingawa ni ya baridi, yanapumua vizuri na yanapatikana kirahisi kutoka Pwani hadi Kanda ya Ziwa. Cheche moja inayopanda na moshi wakati wa kiangazi inatosha kuunguza banda hilo na ya majirani, na mialo mingi ina mabanda yaliyosongamana. Mwenye paa la namna hiyo tayari aliinue juu kadiri awezavyo, na aweke bati moja la kukinga cheche juu ya tanuri mpaka atakapoweza kulibadilisha lote.

Fedha kidogo ibakizwe kwa ajili ya chini. Paa zuri halisaidii kitu kama maji yanatiririka na kuingia kwenye mdomo wa kuni, kwa hiyo msingi wa matofali wenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, pamoja na mfereji unaozunguka na kumwaga upande wa mteremko, uhesabiwe kama sehemu ya manunuzi. Mabaki ya bati yafunike rundo la kuni lililoinuliwa juu ya mawe. Wakati mzuri wa kufanya yote haya ni Januari na Februari, ambapo ardhi inachimbika bila tope na udongo wa kuzibia nyufa za tanuri unapata siku za kutosha kukauka kabla ya mvua za Machi.